Kabla sijanyoosha mkono kwenye shelfu

Mzee mmoja alikuja dukani mara tatu ndani ya mwezi mmoja kununua dawa ya kikohozi. Mara ya kwanza alihudumiwa na mwenzangu. Mara ya pili nilimuuzia mimi mwenyewe, chupa ileile. Mara ya tatu nikamwambia, "Shikamoo baba, hebu kaa kwanza."

Kikohozi kikavu. Hakuna makohozi, hakuna homa, koo linamkereketa hasa usiku. Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. "Hakuna, mwanangu." Na presha je? "Aa, ya presha ipo, lakini hiyo si mambo ya kikohozi." Akatoa mfukoni kibahasha cha dawa kilichochakaa: enalaprili, kidonge kimoja kila siku. Alianzishiwa miezi miwili nyuma.

Enalaprili, pamoja na ndugu yake kaptoprili, huwaletea baadhi ya watu kikohozi cha namna hiyo hasa, na dawa ya maji haikigusi. Kinaondoka mgonjwa akibadilishiwa dawa ya presha, na wa kubadilisha ni daktari wake, si mimi. Nikamwandikia daktari barua fupi. Nikaomba pia mzee apimwe TB, maana kikohozi kikishapita wiki mbili lazima itafutwe, hata kama una maelezo mengine mazuri. Nikamsihi asiache dawa ya presha kabla ya kuonana naye. Alirudi na losartani, dawa nyingine ya presha, TB hana, na baada ya wiki chache usiku wake ukatulia. Ile chupa ya pili bado inaniuma. Swali moja tu lingetosha.

Mimi ni mfamasia, na famasi yetu iko mtaani, kati ya stendi na soko. Wateja wananiita dokta hata nikiwasahihisha, na siwalaumu. Kwa wengi duka la dawa ndiyo hatua ya kwanza ya matibabu, tangu enzi za duka la dawa baridi, lile duka dogo la dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Serikali ililiona hilo, ndiyo maana mwaka 2003 mpango wa Duka la Dawa Muhimu ukaanzia mkoani Ruvuma: watoa dawa wafundishwe, duka lisajiliwe na likaguliwe, badala ya kujifanya kwamba watu hawaendi huko. Kwa hiyo nisipouliza mimi, mara nyingi hakuna atakayeuliza.

Presha ndiyo inayonikalisha zaidi. Mama lishe wa jirani alifika jua kali, kabeba ndoo, akanyoosha mkono juu ya kaunta: "Dokta, nipime haraka." Nikakataa kumpima haraka. Akaketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono wazi umelala mezani usawa wa moyo, na maongezi tukayaacha. Mkanda ukifungwa juu ya sweta, au mtu akipimwa huku anasimulia, namba inayotoka si yake. Tukapima mara mbili. Ya pili ilikuwa 168/96, ilhali anameza dawa yake ya presha, amlodipini, kila siku bila kukosa.

Basi nikamuuliza kuhusu maumivu. Magoti, akasema, anasimama jikoni tangu alfajiri. Na kwa magoti anameza diklofenaki, karibu kila siku, anainunua popote alipo. Hapo ndipo penyewe. Diklofenaki na aibuprofeni huufanya mwili ubaki na chumvi na maji, presha inapanda, na zikitumiwa muda mrefu zinaweza kuumiza figo na tumbo. Hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu dawa ya presha anaichukua hospitali na ya magoti anaichukua dukani, na sehemu hizo mbili hazizungumzi. Tukahamia parasetamo. Nikamwandikia namba zake kwenye daftari aende nalo kliniki, akatafuta kigoda cha kukalia wakati wa kukatakata mboga. Wiki tatu baadaye alikuwa 146/88. Bado iko juu, lakini daktari sasa anaiona presha yenyewe, haioni diklofenaki.

Watoto ni habari nyingine, huko sina muda wa mazungumzo marefu. Mtoto wa miezi saba, mama anataka "ya mafua na kifua". Namwomba afunue nguo, nahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya ukutani. Kwa umri huo, pumzi 50 au zaidi kwa dakika, au kifua kinachobonyea ndani anapovuta hewa, ni safari ya kituo cha afya sasa hivi. Vilevile asiyenyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au aliyepata degedege. Anayeharisha lakini yuko mchangamfu na anakunywa, nampa ORS na zinki. Zinki inamezwa siku 10 hata kuhara kukikoma siku ya pili. Hilo nalirudia mlangoni.

Na homa si malaria mpaka kipimo kiseme. Nakataa kuuza dawa mseto kwa kubahatisha, na wengine wanakwenda duka la pili wakiwa wamenuna. Ndivyo ilivyo pia kwa anayesema "nipe rangi mbili za elfu moja", yaani kapsuli za antibayotiki. Nusu dozi ya antibayotiki siuzi, hata akiapa kwamba kesho atakuja kumalizia.

Wiki iliyopita, saa tano asubuhi, kijana wa bodaboda aliingia anatetemeka, shati limelowa jasho, anataka dawa ya malaria. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi. "Una sukari?" Anayo, anameza glibenklamidi. Leo ameimeza? Ameimeza saa kumi na mbili. Umekula nini, kaka? Hajala, abiria walikuwa wengi. Kipimo cha kidole kikatoa 2.9, na chini ya 4 tayari ni hatari. Nikampa soda ya kawaida yenye sukari, nusu chupa. Dakika kumi na tano tukapima tena: 4.6. Nikamtuma dada wa duka la jirani alete chapati na maharage, nikachukua ufunguo wa pikipiki nikauweka kwenye droo yangu. Dawa ile hufanya kazi muda mrefu, sukari ingeweza kumshuka tena akiwa barabarani. Nikampigia simu ndugu yake, akaja kumchukua kumpeleka hospitali, na kibahasha cha dawa nikawapa mkononi.