"Sisi tulikunywa maji"

Kazi yangu ni kukusanya simulizi za wazee. Siku moja, wilayani Kilwa, nilikaa barazani kwa mzee mmoja wa Kimatumbi, kinasa sauti kikiwa juu ya kigoda. Nikamwuliza habari za Vita vya Majimaji, vile vya wenyeji dhidi ya Wadachi, yaani Wajerumani. Alinyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, sisi tulikunywa yale maji. Tuliambiwa risasi za Mdachi zitageuka maji. Tukaenda." Vita vilianza Julai 1905. Mzee alizaliwa miaka ya 1930.

Mwanafunzi niliyefuatana naye alisema njiani kwamba tumedanganywa. Nilimkatalia, na hadi leo nakataa. Mwongo anajua ukweli na anauficha. Mzee yule hakuficha kitu. "Sisi" yake ni ya ukoo. Hata wewe utasikia mtu akisema "tulihamia hapa kutoka Ungoni" ilhali aliyehama ni babu wa babu yake. Kinachotakiwa ni swali la pili: hilo, babu, uliliona au uliambiwa? Na nani?

Swali hilo nilijifunza baada ya kuharibu kazi. Nilimwuliza bibi mmoja: "Wazee walipong'oa pamba ya Mjerumani kule Nandete, walikuwa wengi?" Akanipa kisa kizuri cha pamba, nikafurahi. Nilirudi baada ya siku chache nikamwuliza tu, "Bibi, ulisikia nini kuhusu vita ile?" Pamba haikutajwa kabisa. Alisimulia njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Pamba niliipeleka mimi mwenyewe, ndani ya swali.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha watu filamu ya magari yanayogongana, kisha wakawauliza magari yalikwenda kasi gani. Walioulizwa kwa neno zito, la kishindo, walikadiria mwendo wa maili kama 41 kwa saa. Walioulizwa kwa neno la "kugusana", 32. Wiki moja baadaye, kati ya watu 50 waliosikia neno zito katika jaribio la pili, 16 walisema wameona vioo vilivyovunjika. Havikuwapo. Kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa, na muulizaji huchangia matofali.

Shule nayo huchangia. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kuandika maneno ya wazee waliokuwa hai wakati wa vita. Yale yaliyokusanywa yakaingia katika ufundishaji wa historia, na mjukuu akirudi kutoka darasani babu anasikiliza. Sasa mzee akianza kuhesabu sababu za vita kwa vidole, kodi, kazi ya shokoa, pamba, najua nasikia ubao wa darasani. Sababu hizo ni za kweli! Ila ukweli wa tukio ni jambo moja, na njia iliyoufikisha kwa msimulizi ni jambo jingine. Ndiyo maana daftari langu lina safu nne: aliona, aliambiwa, alisoma, nilimpa mimi.

Bibi yule alinivurugia daftari. Alipofika kwenye njaa aliacha kusimulia, akachukua kisu na kiazi, akanionyesha jinsi bibi yake alivyomfundisha kukata ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu: vipande vyembamba kama ukucha, vilowekwe siku kadhaa, maji yabadilishwe. "Ukikata nene," alisema, "unazika watoto." Jioni ile nilichora safu ya tano, nikaandika juu yake: mikono.