Jiwe la Kunolea Wembe wa Kukunja: Moja Laini Linatosha

Lile jiwe la kijivu la duka la vifaa vya ujenzi, upande mmoja wa kukwaruza na wa pili laini kidogo, ni la panga, jembe na kisu cha jikoni. Ukilinolea wembe wa kukunja, hata kwa upande ule unaoitwa laini, makali yatabaki na meno kama msumeno, na kuyarudisha ni kazi ndefu. Tunazungumzia wembe wenye bapa zima la chuma linalokunjwa ndani ya mpini. Ule wa kinyozi unaochomekwa nusu ya kiwembe haunolewi; kiwembe kikiisha makali kinatupwa.

Mawe hupangwa kwa namba, na namba ikipanda chembe za jiwe huwa ndogo. Kwa kipimo cha Kijapani, kinachotumika kwenye mawe mengi ya maji, yaani yanayonolewa yakiwa yameloa maji, jiwe la 1000 lina chembe za takriban maikroni 14 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na la 8000 zipo kati ya 1 na 2. La 1000 ni la kuunda makali upya, kwa wembe mkuukuu wenye kutu au pengo. La 3000 hadi 5000 hufuta mikwaruzo ya lile la kwanza. La 8000 hung'arisha, na wengi hunyoa vizuri kwa makali yake. La 12000 huufanya wembe upite usoni kwa ulaini zaidi, lakini si la lazima.

Kabla ya kuuliza jiwe gani ni bora, tazama wembe wenyewe. Kama uliwahi kunolewa sawasawa na sasa umeanza tu kuvuta ndevu, jiwe moja la 8000 linatosha. Wanaonunua seti ya mawe manne mara nyingi huurudisha wembe kwenye la 1000 bila sababu, na kila safari hiyo inakula chuma, makali na mgongo (upande mnene unaotazamana na makali) pamoja. Kama fedha inaruhusu kidogo zaidi, chukua jiwe la pande mbili, 4000 na 8000. Wembe wenye pengo mpelekee fundi mwenye la 1000.

Mawe ya asili yapo pia: koticule ya manjano kutoka Ardennes, Ubelgiji, ambayo chembe zake ni ganeti, aina ya madini magumu, na novakulaiti ya Arkansas, Marekani. Ni mazuri, ila kila kipande kina tabia yake, na anayeanza hatajua kosa ni la jiwe au la mkono.

Ukubwa unaofaa ni kama sentimita 20 kwa 7. Jiwe la upana huo hupokea karibu makali yote kwa mara moja. Jembamba zaidi litakulazimu kuvuta wembe kimshazari, kutoka kisigino (mwisho wa makali ulio karibu na mpini) hadi ncha.

Usawa wa uso wa jiwe ndio unaosahauliwa zaidi, hata kwa jiwe jipya. Kisu kinasamehe kwa kuwa pembe yake inashikwa na mkono. Pembe ya wembe inashikwa na mgongo wake unaolala juu ya jiwe. Jiwe likibonyea katikati, litagusa kisigino na ncha tu, na katikati ya wembe pabaki butu. Chora mistari ya penseli ya kukatizana juu ya jiwe, weka msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene, lowanisha, kisha sugua jiwe hadi mistari yote ifutike. Mistari inayobaki inakuonyesha bonde lilipo. Malizia kwa kulainisha kingo za jiwe, maana kona kali humega makali ya wembe. Suuza vizuri: punje moja ya msasa ikibaki juu ya jiwe la 8000 inaweza kuharibu kazi yote.

Kuhusu maji, fuata maelezo ya mtengenezaji. Baadhi ya mawe huloweshwa dakika 10 hadi 15, mpaka mapovu yakome. Mengine hunyunyiziwa tu, na yakilazwa ndani ya maji hulainika na kupasuka yakikauka. Mafuta usiyaweke kabisa kwenye jiwe la maji. Huziba matundu yake.

Osha wembe kwa sabuni kwanza, hasa kama ulikukata, kwani damu inaweza kubeba virusi vya homa ya ini. Usitumie dawa ya klorini, hula chuma. Paka wino wa maka peni kwenye makali, laza mgongo na makali vyote juu ya jiwe, kisha sukuma makali yakiwa mbele. Mwisho wa jiwe geuza wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Bapa jembamba ukilikandamiza hupinda, na makali hayagusi inavyotakiwa. Baada ya safari 5 angalia wino. Ukibaki ukingoni kabisa, makali hayajafikiwa. Ukifutika ukingoni tu, umeinua mgongo. Safari 10 hadi 15 za kwenda na kurudi zinatosha kwa wembe uliochoka kidogo.

Kausha wembe, upitishe kwenye mkanda wa ngozi mara 40 hadi 60, safari hii mgongo ukiwa mbele, la sivyo utaukata mkanda. Jiwe liache likauke kivulini.