Kina si umri, acheni kugawanya

Juzi nimetumiwa tena grafu. Nguzo ya tope la mikoko (kipande kirefu kilichochomolewa ardhini), urefu mita 3, chini kabisa kumepimwa kaboni-14 (kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana kiumbe akishakufa, ndo tunasomea umri) ikatoka miaka 3,000, halafu mtu kachukua rula kapiga mstari mmoja kutoka juu mpaka chini na kwenye huo mstari kasoma kila kitu: sentimita 150 ni miaka 1,500 iliyopita, hapo chavua ya mikoko imepungua, kwa hiyo miaka 1,500 iliyopita kulikuwa na ukame. Na pembeni kaandika bahari ilikuwa inapanda milimita 1 kwa mwaka. Alichofanya ni kugawanya tu, mita 3 kwa miaka 3,000. Sijamkasirikia aliyenitumia, ana bidii na tope kalitoa mwenyewe, na najua kutoa tope kwenye mikoko ni kazi ya namna gani. Kinachonikera ni hii imani yenyewe, naikuta kwa wanafunzi, kwa watu wa miradi, hata kwa watu walioandika ripoti nyingi, kwamba ukishakuwa na tarehe moja ya kaboni basi kina kimegeuka umri.

Hakijageuka. Na kwenye mikoko ndo kabisa.

Tuanze na nguzo yenyewe. Unasukuma chombo mpaka kina unachotaka, unakizungusha nusu duara kinafunga tope ndani, unavuta na wenzako mpaka mikono inatetemeka, unakilaza, unafungua. Harufu ya mayai viza inakupiga kwanza. Unasafisha uso wa tope kwa kisu ukienda kwa upana, usiende kwa urefu manake utaburura tope la juu ulipake la chini. Halafu angalia vizuri ulichonacho. Rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na nyuzi, nyuzi kila mahali, nyembamba kama uzi wa kushonea na nyingine nene kama penseli. Hizo nyuzi ni nini? Mizizi. Mboji ya mikoko, yaani hilo tope la mabaki ya mimea ambayo hayajaoza yote, kwa sehemu kubwa ni mizizi. Majani mengi huliwa na kaa au huchukuliwa na maji yakipwa, kinachobaki na kujenga ardhi ni kile kilichoota chini ya ardhi. Kuna visiwa vya Belize vimekaa juu ya mboji ya mikoko yenye unene unaofika mita 10, na hiyo mboji imejengwa na mizizi kuliko kitu kingine chochote, mti umejipandisha wenyewe bahari ilivyokuwa inapanda.

Sasa fikiria mzizi. Haukai juu ya tabaka la mwaka wake, unashuka. Unaingia kwenye tope lililokuwepo kabla ya mti kuzaliwa. Nikisema hivi watu wananijibu, lakini mizizi mingi inaishia kwenye mita ya kwanza, mimi sampuli yangu nimetoa mita 3, mizizi ya leo haifiki huko. Ni kweli haifiki. Lakini mita 3 ya leo haikuwa mita 3 siku zote! Kuna wakati hilo tabaka lilikuwa juu kabisa, maji ya bamvua yanalifunika na kaa wanatembea juu yake, halafu likawa sentimita 20 chini, halafu 50, halafu 80, na muda wote huo liko ndani ya mizizi ya miti iliyokuwa hai juu yake. Kama tope lilikuwa linajaa milimita 1 kwa mwaka, kuimaliza hiyo mita ya mizizi kunachukua miaka 1,000. Yaani kila tabaka kwenye nguzo yako limepitia karne kadhaa za kuchomwa na mizizi iliyo changa kuliko lenyewe. Hakuna tabaka lililosalimika. Hili jambo nimeshalieleza mara nyingi mpaka nimeona niliandike nitume linki.

Na kosa lenyewe lina upande mmoja, ndo ubaya wake. Lingekuwa mara huku mara kule lingefutana. Mizizi siku zote inafanya tabaka lionekane changa. Chukua tope lenye umri wa miaka 5,000 ya kaboni. Weka ndani yake kaboni ya leo sehemu 10 tu kati ya 100, mizizi midogo hata huioni kwa macho. Maabara itakurudishia takriban miaka 4,330. Sehemu 20, itakurudishia kama 3,720. Mashine imefanya kazi safi kabisa na ile alama ya kujumlisha na kutoa, tuseme miaka 30, ambayo maabara wanaiandika pembeni ya umri ni ya kweli, ila inahusu upimaji, yaani maabara ina uhakika na kaboni uliyowapelekea, haijui hiyo kaboni ilifikaje kwenye tope. Watu wanaiona ile 30 wanatulia. Usitulie.

Sasa tupime nini? Ningependa nikwambie jani. Jani limeota hewani, limeanguka juu ya ardhi, mwaka wake ni wa ardhi hiyo. Kwa hiyo tunakaa na darubini na kibano tunatafuta kipande cha jani kama ukucha wa mtoto, bapa, mishipa inaonekana, tunakiosha, tunakitenga na nyuzi. Ndo kazi ya wiki nzima saa zingine kwa sampuli nne. Lakini vitabu vikishasema pima jani vinahamia sura nyingine, na havisemi kwamba kaa wa mikoko wanavuta majani kwenye mashimo yao, na shimo la kaa linaweza kuzidi nusu mita kwenda chini. Nimeshika jani zuri sana kwenye kibano nikajiuliza hili limeanguka hapa au limeburutwa, na kuliangalia tu hakunipi jibu. Ninachofanya napima majani zaidi ya moja kutoka kina kimoja, yakikubaliana naendelea, yasipokubaliana nasita na kwenye ripoti naandika kwamba nimesita.

Kipande cha mti, hapana, labda gogo lilielea miaka au ni moyo wa mti uliokuwa mzee tayari. Gamba la chaza au konokono lina shida nyingine, maji ya bahari yanabeba kaboni ya zamani, gamba linaweza kutoka na karne kadhaa za ziada na sahihisho lake linabadilika mahali hadi mahali. Tope zima kama lilivyo ndo mchanganyiko wa yote hayo, pamoja na kaboni kongwe iliyoletwa na mto. Wapo wanaochuja mizizi wakapima ile sehemu laini iliyobaki, ni njia nzuri na natumia, ila hapo kaboni ya mto ndo inajificha, kwa hiyo umetoka kwenye kosa la uchanga umeingia la uzee.

Hili lifuatalo nalipitia haraka, mnalijua. Miaka ya kaboni si miaka ya kalenda, lazima ukalibreti, yaani uigeuze kuwa ya kalenda kwa kutumia mkunjo wa kusahihishia, na neno sasa kwenye kabla ya sasa maana yake ni 1950. Kiwango cha kaboni-14 hewani kimekuwa kikipanda na kushuka, kuna vipindi huo mkunjo umelala kama meza, kati ya takriban 800 na 400 kabla ya Kristo ndo maarufu, ukiangukia hapo tarehe yako inatawanyika karne nne hata ukipima vizuri namna gani. Mtu akiniambia umri bila kusema kama amekalibreti namrudisha.

Turudi kwenye kugawanya. Hata ukiwa na tarehe nzuri chini kabisa, ile mita 3 si urefu wa bahari iliyopanda. Kwanza mikoko haiishi kwenye mstari, inaishi kwenye ukanda, kuanzia takriban usawa wa wastani wa bahari mpaka kule bamvua kubwa zinapofika. Pwani ambayo maji yanapanda na kushuka mita 4, huo ukanda ni mita 2 nzima, na mboji yako ingeweza kuwa popote humo. Chavua inasaidia kidogo kukubana, japo mkoko wenyewe (Rhizophora) unamwaga chavua nyingi inayopeperuka mpaka mbali na mchu (Avicennia) unamwaga kidogo, kwa hiyo mchu usipouona usiseme haukuwepo. Foraminifera, viumbe wadogo sana wa seli moja wenye magamba, wanasaidia zaidi, kwa kuwa wako wanaopenda kukaa juu kabisa maji yanapofika mara chache, ila kwenye mboji ya joto na tindikali magamba yao mara nyingi huharibika na unabaki mikono mitupu.

Halafu tope linashindiliwa. Mboji ni maji kwa sehemu kubwa, ukiiwekea mita 2 za tope juu inabonyea, tabaka lililoundwa juu linakutwa chini kuliko lilipozaliwa. Ndo maana ukitaka kujua bahari ilikuwa wapi unaitafuta mboji ya chini kabisa, ile nyembamba iliyokaa moja kwa moja juu ya mchanga mgumu au mwamba, hapo hakuna cha kubonyea chini yake. Unachimba mashimo mengi ukifuata mteremko wa huo mwamba, kila shimo unachukua zile sentimita chache za mwanzo. Inachosha kuliko kuchimba shimo moja refu na haitoi picha nzuri ya kuweka ukutani, lakini ndo inayokupa usawa wa bahari.

Na kugawanya kwa aina ya mwisho ndo kunaniumiza zaidi kwa sababu kunafanywa na watu wenye nia njema. Wanapima sentimita 30 za juu kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mnururisho ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 22 hivi na inaweza kupima umri mpaka karne moja na kitu tu, wanapata milimita 3 kwa mwaka. Wanalinganisha na milimita 1 ya ile nguzo ndefu, wanatangaza tope limeongeza kasi mara tatu. Jamani. Tope la juu bado halijashindiliwa, limejaa maji na mizizi mibichi ambayo haijaoza, na kadiri unavyopima muda mrefu ndivyo unavyobeba ndani yake mapengo, miaka ambayo hakuna kilichojaa, au dhoruba ilikomba, au mkondo ulihama ukala nusu mita. Mwanajiolojia Sadler alilionyesha hili kwa mashapo ya kila aina mwaka 1981, kasi inashuka kadiri muda unavyorefuka. Bahari inaongeza kasi kweli, vipimo vya bandarini na satelaiti tangu 1993 vinaonyesha wazi. Msitumie ushahidi mbovu kwa jambo lenye ushahidi mzuri.

Manake namba hizi zinafanya kazi. Uchambuzi uliotoka 2020 kwenye jarida la Science ulikusanya rekodi za mikoko ya zamani duniani, ukakuta kwamba bahari ikipanda zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka, uwezekano wa mikoko kumudu kujijenga unakuwa mdogo sana. Wastani wa dunia sasa uko kwenye milimita 4 hivi. Tofauti kati ya 4 na 6 imesimama juu ya tarehe za majani na mboji kama hizi zetu, ndo maana nazing'ang'ania.

Nina nguzo moja mwenyewe, tarehe zake zimepinduka, ya chini imetoka changa kuliko ya juu yake. Programu ya kuunganisha kina na umri iliniruhusu kuitupa moja na kuendelea, na mstari uliotoka ulikuwa mzuri sana, laini. Sikuutumia. Zote mbili zilikuwa mboji nzima, nilikuwa na haraka. Nusu iliyobaki ya hiyo nguzo iko kwenye jokofu kwa nyuzi 4, imefungwa plastiki, na wiki ijayo naifungua upya natafuta majani kati ya hizo sampuli mbili, kila sentimita moja.

Na wewe uliyenitumia grafu, niandikie kitu kimoja tu: kule chini ulipima nini hasa, jani, mzizi au tope?