Kabla ya shoka: msitu wa umma umepangiwa kazi gani?

Msimu wa kukausha tumbaku unapokaribia, wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, huniuliza swali lile lile: "Bwana misitu, kuni za bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto, tukakate wapi?" Anayeuliza anataka nimtajie msitu. Mimi humrudishia swali jingine: eneo unalolifikiria limepangiwa matumizi gani, na matumizi hayo yameandikwa wapi? Wengi hudhani namzungusha mtu. Lakini kazi yangu yote ya misitu inasimama juu ya swali hilo, na leo nataka nilieleze kwa nafasi.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Tangu sheria mbili za ardhi za 1999, ardhi hiyo imegawanywa makundi matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji na ardhi ya jumla. Sheria ya Misitu ya 2002 ikaja kuigawa misitu yenyewe: misitu ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji, na ya watu binafsi. Ndani ya misitu ya hifadhi ya taifa kuna ya uzalishaji, kuna ya kulinda vyanzo vya maji na udongo, na kuna ya mazingira asilia. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusimama chini ya miti ya mitundu ya aina moja, mmoja akaomba kibali cha kuvuna akapewa, mwingine akaambiwa haiwezekani kabisa. Miti ni ile ile. Kilichotofautiana ni kazi ambayo kila msitu umepewa kisheria.

Kazi hiyo ndiyo inayobeba mahesabu yetu yote. Tukienda kupima msitu, hatuhesabu miti halafu tukagawanya kwa miaka. Kwanza tunaondoa maeneo ambayo hayatavunwa: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kisha kuna chemchemi, makaburi na sehemu za matambiko. Linalobaki ndilo la uzalishaji. Hapo tunaangalia kila aina ya mti na kipenyo chake, tukijua kwamba mninga hukua polepole mno na mkurungu unatafutwa sana na wafanyabiashara, ndipo tunatamka kiasi kinachoweza kuvunwa kwa mwaka. Kama lengo la eneo halijulikani, hesabu hiyo haina pa kuanzia. Utapata namba, lakini hutajua ni namba ya nini.

Sehemu inayoninyima usingizi ni misitu ya vijiji. Tathmini ya taifa ya misitu iliyochapishwa 2015 ilionyesha nchi ina hekta milioni 48.1 za misitu, na asilimia 45 hivi iko kwenye ardhi ya vijiji. Kijiji kina nguvu kubwa kuliko wengi wanavyojua. Halmashauri ya kijiji ikiandaa mpango wa matumizi ya ardhi na mkutano mkuu ukaupitisha, kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kikaunda kamati ya maliasili, kikatunga sheria ndogo na kupata mapato kutokana na uvunaji wake chenyewe.

Na kijiji kisichofanya hivyo kinabaki pabaya. Sheria ya Ardhi, inapoeleza ardhi ya jumla, ambayo haisimamiwi na kijiji, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ya mwaka ule ule, haina maneno hayo. Wanasheria wamebishana kuhusu jambo hili kwa miaka, lakini mwanakijiji hana haja ya kungoja washindane. Miti ya miyombo iliyosimama bila mpango wowote machoni pa mgeni ni pori tupu. Ikiandikwa kwamba ni msitu wa kijiji, wenye kazi hii na mipaka hii, hakuna atakayedai kuwa haitumiki.

Shida ni namna tunavyoandika. Nimesoma mipango ya vijiji ambayo sehemu ya malengo ina sentensi moja: "Msitu utatumika kwa uhifadhi na matumizi endelevu." Haina kosa la kisheria, ila haimsaidii mtu. Mchoma mkaa akiishika anasema matumizi yameruhusiwa, na mwanakamati anayetaka kumzuia anasema ni uhifadhi. Wote wawili wananukuu mstari mmoja. Mwenye kusuluhisha hana pa kushika.

Linganisha na hili: "Upande wa mashariki wa barabara ni wa kuzalisha mbao za mninga na mkurungu kwa uvunaji wa kuchagua. Bondeni ni kwa ajili ya kulinda chemchemi, na hakutakatwa mti ulio hai. Mizinga ya nyuki ya mbao inaruhusiwa kote. Kuchuna magome ya kutengenezea mizinga hakuruhusiwi popote." Mtu yeyote wa kijiji akisoma anajua anachoruhusiwa na asichoruhusiwa, bila kuniita mimi.

Hilo la magome nalitilia mkazo kwa sababu Tabora ni mkoa wa asali. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuchuna mti, mara nyingi mtundu au myombo, kuzunguka shina lote, na mti uliochunwa hivyo hufa. Warina asali wazee wanalijua hilo vizuri kuliko sisi wenye vyeti. Ukiwauliza kwenye kikao watakutajia mpaka miti inayowapa nyuki maua, na mwezi wa kila mmoja. Ajabu ni kwamba mara nyingi hawaitwi kikaoni, kwa sababu mpango unahesabiwa kuwa mambo ya ardhi nao wanahesabiwa kuwa watu wa nyuki. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002 inaruhusu hata kijiji kutenga hifadhi ya nyuki. Lengo la aina hiyo lilindwe kwa maandishi kama tunavyolinda mbao.

Wenzetu wa mbali wamelichukulia jambo hili kwa uzito. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, ambako zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya umma, sheria ya misitu na malisho ilitungwa 2002, mwaka mmoja na yetu, ikaanza kutumika 2004. Kampuni inayotaka kuvuna huandaa mpango, na mpango hauidhinishwi mpaka uendane na malengo yaliyowekwa na serikali kuhusu udongo, maji, samaki, wanyamapori, mandhari na urithi wa wenyeji. Kwenye misitu ya pwani iitwayo Great Bear, amri ya 2016 iliweka asilimia 85 ya eneo la misitu nje ya uvunaji. Mabishano kule hayajaisha, na sisi hatuna haja ya kuiga taratibu za nchi yenye makampuni makubwa. Ninachokipenda ni kwamba lengo linatangulia kibali, na mwenye kibali ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba hajalivunja.

Sasa nirudi kwenye kuni za bani. Mzigo wa kichwani wa kupikia ugali si sawa na matrekta ya kuni za kukaushia tumbaku, na mpango usiviweke kapu moja. Kijiji cha tumbaku kinahitaji eneo lililoandikwa waziwazi kuwa la kuni za bani, likiwa na miti ya kupandwa, ukubwa wake ukitokana na idadi ya mabani yaliyopo kijijini. Ekari za tumbaku zikiongezeka, eneo hilo liongezwe kwenye mpango kabla ya msimu. Bila hivyo mabani yatakula msitu wa mbao kwanza, kisha bonde la chemchemi.

Kwa vijiji ambavyo mipango yao inakaribia kwisha muda: waiteni wafugaji, warina asali na akina mama wanaookota kuni mapema, wakati ramani bado inachorwa chini kwa majivu na vijiti, kwa kuwa ramani ikishachapishwa watu huogopa kuigusa. Siku ya mkutano mkuu, kabla ya kura, mwenyekiti amwombe mtendaji asome malengo kwa sauti, eneo kwa eneo, kwa majina ambayo wenyeji wanayaita maeneo hayo. Muhtasari wa kikao uandikwe kwa majina hayo hayo, na nakala moja ibaki kwa kamati ya maliasili, si kwenye kabati la ofisi peke yake.