Kuandika NULL si kusafisha: dhana potofu kuhusu kuachilia kumbukumbu katika lugha ya programu ya C

Programu za vifaa vya kufuatilia magari ya utalii hapa Arusha zikiletwa kukaguliwa, karibu kila moja huja na fanksheni ya namna hii:

    void safari_futa(struct safari *s)
    {
        free(s->dereva);
        free(s->nukta);
        free(s);
        s = NULL;
    }

Hapo `free` inarudisha kumbukumbu iliyoombwa kwa `malloc`; `s` ni pointa, yaani kigezo kinachoshika anwani ya kumbukumbu; na NULL ni pointa isiyoelekeza popote. Ukiuliza mstari wa mwisho una kazi gani, jibu halibadiliki: "Ni kwa usalama, pointa isibaki na anwani ya zamani." Jamani, mstari huo haufanyi chochote. Ufuteni leo.

C hupitisha nakala. Hiyo `s` ni nakala ya anwani aliyoshika mwitaji, yaani msimbo ulioiita fanksheni. Ukiiandikia NULL, umeandika kwenye karatasi inayotupwa mabano yanapofungwa. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ikiwa kwenye `-O2`, ngazi ya uboreshaji, huuondoa mstari wenyewe. Pointa ya mwitaji, tuseme `gari`, bado inaelekeza kule kule kulikokwisha kuachiliwa.

Laiti programu ingeanguka hapo hapo! Lakini glibc, maktaba ya C ya Linux, huviweka vipande vidogo vilivyoachiliwa karibu, na `malloc` inayofuata ya ukubwa ule ule mara nyingi hupewa anwani ile ile. Sasa `gari` inaelekeza kwenye ujumbe mpya unaosubiri kutumwa. Ukiandika kupitia `gari`, unaharibu ujumbe. Ukiita `safari_futa(gari)` mara ya pili, unasoma `s->dereva` kutoka kwenye kumbukumbu isiyo yako, kisha unamwachilia mwenzako kipande anachokitumia. Programu itaanguka saa kadhaa baadaye, ndani ya fanksheni isiyo na kosa lolote, au haitaanguka kabisa, iendelee kutuma namba za mahali pasipo sahihi. Ofisi ya Njiro, hapa Arusha, inayomtafuta dereva aliyekwama porini inategemea namba hizo.

Fanksheni inayofanya kazi hupokea anwani ya pointa:

    void safari_futa(struct safari **ps)
    {
        struct safari *s;
        if (ps == NULL || *ps == NULL)
            return;
        s = *ps;
        *ps = NULL;
        free(s->nukta);
        free(s->dereva);
        free(s);
    }

Inaitwa `safari_futa(&gari)`. Ukiiita mara mbili, ya pili inarudi bila kugusa kitu. Watoto (`nukta` na `dereva`) wanaachiliwa kabla ya mzazi (`s`), kwa sababu ukishaachilia `s`, hata kusoma `s->nukta` ni kosa. Ndiyo maana pia kwenye orodha iliyoungwa unashika `next`, anwani ya kipande kinachofuata, kwanza, kisha unaachilia kipande.

Hata hii, hata hivyo, inatibu pointa moja tu. Kama anwani ile ile imewekwa pia kwenye foleni ya kutuma, hakuna NULL itakayoifikia. Kwa hiyo amua kwanza mmiliki ni nani, ndipo uandike fanksheni. Kumbukumbu moja, mmiliki mmoja. `gari` ikikabidhiwa foleni, anayekabidhi aandike `gari = NULL` pale pale anapokabidhi, na faili la `.h`, linalotangaza fanksheni, liseme kwa sentensi moja nani anaachilia. Ushauri ambao sitaacha kuurudia: kila `safari_unda`, fanksheni inayounda safari, iwe na `safari_futa` chini yake, faili hilo hilo. Ukiongeza sehemu kwenye `struct`, gusa zote mbili kabla hujainuka kitini.

Wapo wanaotaka kuokoa mistari kwa kuandika fanksheni moja ya `void **` kwa aina zote, wakiita `futa((void **)&gari)`. Kompaila ilikuonya, ukainyamazisha kwa kulazimisha aina. `struct safari **` si `void **`. Kanuni za lugha zinairuhusu kompaila kudhani `gari` haikubadilika, na anwani ya zamani ikaendelea kutumika. Makro (maandishi yanayobandikwa kwenye msimbo kabla haujakompailiwa) inaweza kufaa, tuseme `ACHIA`, ila `ACHIA(a[i++])` inaweza kuongeza `i` mara mbili. Andika fanksheni kwa kila aina. Ni mistari kumi.

Zipo dhana nyingine potofu. "Uliza kwanza `if (p != NULL)` kabla ya `free`." Hapana haja. Tangu kiwango cha C cha 1989, `free(NULL)` haifanyi chochote. Kinachohitaji kuulizwa ni `s` yenyewe kabla ya `s->`.

"Mfumo endeshi utasafisha." Kwenye Linux ni kweli, programu ikimalizika. Kifaa chako hakimalizi. Kikivujisha baiti 200 kila sekunde, ni baiti 17,280,000 kwa siku; bodi ya MB 64 haifiki siku 4, na wageni wameondoka kwa safari ya wiki nzima.

"Kosa likitokea, `return NULL` inatosha." Na vile ulivyokwisha kuomba? Tengeneza `s` kwa `calloc`, inayojaza kumbukumbu sifuri, na kila kinachoshindikana kiende `goto kosa`, ambapo unaita `safari_futa(&s)` kisha unarudisha NULL. Kwenye kompyuta na bodi za kawaida, sifuri za `calloc` ndizo NULL, hivyo kitu kilichojengwa nusu kinaachiliwa salama. Ukitumia `malloc`, sehemu ambazo hujazijaza zina takataka, na `free` ya takataka inaweza kuua programu.

Kosa linalofanana na hilo, kwenye `realloc` inayobadilisha ukubwa wa kipande, ni `s->nukta = realloc(s->nukta, mpya)`. Ikishindikana inarudisha NULL, kipande cha zamani kipo lakini huna tena anwani yake. Pokea kwenye pointa ya muda kwanza.

"`free` hufuta data." Nywila ya seva inabaki pale ilipo. `memset`, inayoandika juu ya data, ikiwekwa kabla ya `free` kompaila inaweza kuiondoa kwa kuona hakuna anayesoma tena. Tumia `explicit_bzero`, iliyopo tangu glibc 2.25, au `memset_explicit` ya C23.

Njia za kosa hazijaribiwi mezani, ambako kumbukumbu ni tele. Zilazimishe. Jenga kwa `gcc -g -O1 -fsanitize=address,undefined`, inayoripoti makosa ya kumbukumbu programu ikiendeshwa, kisha pitisha maombi yote kwenye `malloc` yako ya majaribio inayoshindwa ombi la namba n. Anza na n ikiwa 1, endesha jaribio zima, ongeza moja, rudia mpaka jaribio lipite bila ombi lolote kushindwa. Kila mzunguko umalizike bila ripoti ya kuvuja wala ya kuachilia mara mbili. Ikitokea ripoti kwenye n ya 7, ombi la saba ndilo lenye tawi la kosa ambalo halijawahi kuendeshwa.