Kusini kwa gari la kulala: soma maji kabla ya ramani

Wageni wanaonipigia simu kutaka niwaongoze Lindi na Mtwara huanza na swali lilelile: kilomita ngapi? Wamekodi Landcruiser yenye hema juu ya paa, au wana Kosta iliyong'olewa viti ikawekwa kitanda na jiko la gesi, na wameshapanga kila usiku watalala wapi. Nawaelewa. Makumbusho ya mjini yamewazoesha hivyo. Dar es Salaam unaegesha gari Posta, unaingia Makumbusho ya Taifa, unatembea hadi sanamu ya Askari, na jioni umeshamaliza. Huku kwetu lami inakufikisha karibu tu. Kuanzia hapo unategemea bahari, kibali na mchanga.

Anza na Kilwa, na ipe muda. Kilwa Kisiwani ndiyo ilikuwa makao ya masultani waliotajirika kwa biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na msafiri Mmoroko Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu uzuri wa mji. Kisiwani ni kisiwa, kwa hiyo gari lako linabaki bara, Kilwa Masoko. Unakwenda ofisini kulipia kibali cha kuingia magofuni, unapangiwa mwongozaji, ndipo unashuka gatini kutafuta mashua. Usianzie kwa nahodha ukadhani mambo ya ofisi yatajiseti. Yatakurudisha.

Kuvuka kwenda Kisiwani si safari ndefu, ila Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ni habari nyingine. Maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, mashua inasimama mbali na unakanyaga tope la mikoko hadi magotini, kamera juu ya kichwa. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa hiyo mpigie nahodha kabla hujatoka nyumbani umuulize maji ya wiki hiyo yanakwendaje. Akikwambia, "Tutoke alfajiri, mwanangu, mchana kusi inachafuka," usianze kubishana naye kwa sababu chai haijaiva.

Ukishashuka Kisiwani, utakutana kwanza na ngome iitwayo Gereza, na watu hupiga picha pale hadi jua linawachosha. Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome, lakini sehemu kubwa ya jengo unaloliona ni kazi ya enzi za Waarabu wa Oman. Lipitie, usilale hapo. Nguvu zako ziweke kwa Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Msikitini, simama ndani ya sehemu iliyoongezwa karne ya 14, uinue macho kwenye kuba, kisha usogelee ukuta mpaka pua iguse. Utaona vitundu vya matumbawe. Mafundi walikuwa wakiyakata yangali laini kutoka majini, wanayachonga, kisha yanakauka na kuwa magumu. Mawe mengine yalichomwa kupata chokaa ya kuyashikiza. Mji mzima, kuta na chokaa yake, ulitoka baharini, na bahari hiyohiyo ndiyo imekuwa ikiumega ufukwe. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ni jumba la Sultan al-Hasan ibn Sulaiman, na lina birika la pembe nane ambalo kila mgeni wangu hulizunguka mara mbili bila kuambiwa.

Kilwa Kivinje wengi huipita kwa sababu hawaoni bango kubwa barabarani, na mimi huwa nakasirika kimoyomoyo. Ni karibu na Nangurukuru, gari linafika, na huhitaji mashua. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi yao, mwaka 1895, na watu wa Kivinje bado wanapaita Mwembe Kinyonga. Ukifika, tafuta mzee, umpe shikamoo yake, ukae. Usimtolee simu usoni kumrekodi kabla hajakukaribisha. Mwenye gari gumu na siku ya ziada aingie ndani kwenye milima ya Matumbi hadi Nandete, ambako Julai 1905 watu waling'oa pamba na Vita vya Maji Maji vikaanza. Masika usijaribu na Kosta.

Lindi kwenyewe swali ni moja: mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, iko wapi? Iko Berlin. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimbua Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na kwa maoni yangu jina lake lilistahili kutajwa kabla ya hayo mengine mawili. Wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 za mizigo, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye Museum für Naturkunde, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ukienda Tendaguru kutafuta kiunzi utaudhika. Kuna kilima, nyasi na vichaka. Nenda ukipenda kuipima kwa macho njia waliyopita wale wapagazi. Chukua mwenyeji, na upunguze upepo wa matairi kwenye mchanga kabla gari halijazama.

Mikindani haichoshi. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekarabatiwa likawa hoteli, na vichochoro vyake unavimaliza kwa miguu. Livingstone alianzia kwenye ghuba hii safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Nyumba yenye kibao cha jina lake itazame kama nyumba nzuri ya zamani, usiape kwamba alikaa humo.

Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, wamelala askari wetu waliofia Msumbiji. Hapo unaomba ruhusa kwanza, unavaa kwa heshima, na picha ni mpaka uambiwe piga.

Sasa kulala. Usiegeshe chini ya mnazi hata kivuli kikikuita. Nazi moja tu na kioo cha mbele kimekwenda, na huku cha gari lako huenda kikaagizwa Dar. Uani mwa nyumba ya wageni utalipa kidogo, utapata maji na choo. Kijijini, nenda kwa mwenyekiti kabla giza halijaingia, ujitambulishe, useme utaondoka lini. Mara nyingi atakutafutia mlinzi mwenyewe. Betri ikaguliwe kila baada ya siku chache, maana hewa ya chumvi inakula vichwa vyake. Na mama akipita na sinia la ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini ya huku kwetu, mwite. Menya, tafuna, nyuzi tema.