Hadubini Mbili, Maabara Moja

Kila mwaka wanafunzi wangu wa baiolojia ya seli huniuliza: je, ni kweli Rais Bush alipiga marufuku utafiti wa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine? Hapana. Tarehe 9 Agosti 2001 alifunga mfuko. Fedha za serikali kuu ya Marekani zingegharimia tu seli za viinitete (mimba changa kabisa) zilizokwisha kutengwa kabla ya siku hiyo. Mwenye fedha zake aliweza kuendelea.

Ila maabara ya chuo kikuu huishi kwa ruzuku. Aliyetaka kutumia seli mpya alipaswa kuhakikisha kwamba hakuna hata senti ya serikali kuu inayogusa kazi hiyo. Vyuo vikaanza kununua vifaa viwiliviwili: hadubini ya ruzuku huku, ya wafadhili kule, na majokofu vivyo hivyo. Inaniuma kila nikifikiria, kwa kuwa ninajua bei ya hadubini.

Hata hivyo, siwabezi waliopinga utafiti huu. James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alipozitenga seli hizi za binadamu mwaka 1998, ilibidi viinitete vya siku chache viharibiwe. Anayeamini kwamba kiinitete ni mtu ana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake itumike hapo.

Novemba 2004 wapiga kura wa California waliamua kulipa wenyewe. Kwa asilimia 59 walikubali jimbo likope dola bilioni 3 kwa hatifungani. Kesi mahakamani zikachelewesha hatifungani hizo hadi 2007. Kosa la kampeni, kwa maoni yangu, lilikuwa kuwatia wagonjwa matumaini ya tiba ya karibu. Sayansi haiendi kwa ratiba ya uchaguzi.

Moja ya matunda bora ya fedha hizo halikutoka kwenye viinitete kabisa. Donald Kohn na wenzake wa UCLA, Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, walichukua seli shina za damu za watoto wanaozaliwa bila kinga ya mwili kwa upungufu wa kimeng'enya cha ADA, wakazitia jeni isiyo na kasoro, kisha wakawarudishia. Matokeo ya Marekani na Uingereza yaliyochapishwa 2021 yalionyesha tiba imefaulu kwa watoto 48 kati ya 50.

Wapo wasemao basi viinitete havikuhitajika, hasa baada ya Shinya Yamanaka kuzirudisha seli za kawaida za panya katika hali ya uchanga mwaka 2006. Lakini jeni alizozijaribu alizichagua kutokana na yaliyojulikana kuhusu seli za viinitete.

Na ile tiba ya ADA? Kampuni iliyokuwa na leseni iliiweka kando, kwani ugonjwa huo ni nadra mno, kisha ikairudisha UCLA. Watoto waliokuwa kwenye foleni wakabaki wakisubiri tiba ambayo tayari ilikuwa imeonyesha kwamba inaponya.